Mtoto Anayerudi Mara ya Tatu Atazamwe Koo

MAONI YETU

Tunasema hivi: mtoto wa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, akifikishwa kituo cha afya mara ya tatu ndani ya miezi mitatu kwa shida ileile ya kupumua, asirudishwe nyumbani na dawa ileile. Apelekwe hospitali ya Mbarara, atazamwe koo na njia ya hewa kwa kamera, apigwe eksirei ya kifua. Miongoni mwa watoto wa namna hiyo wamo wenye uvimbe ndani ya njia ya hewa, na uvimbe hauondoki kwa sharubati ya kikohozi wala kwa sindano ya nimonia.

Ni wachache, na hatutatia chumvi. Watoto wengi wanaokohoa na kuhema katika makazi hayo wana maradhi ya kawaida: mafua yaliyoshuka kifuani, nimonia, malaria inayoharakisha pumzi, na wengine wana pumu kweli. Nakivale, iliyoko Wilaya ya Isingiro, ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda, nayo ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Leo inahifadhi watu zaidi ya 180,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na zaidi ya nusu yao ni watoto. Kiangazi kuna vumbi, masika kuna baridi na matope, na mwaka mzima moshi wa kuni umo ndani ya nyumba ndogo. Kikohozi huko ni cha kila siku. Ugonjwa adimu ukiingia kati ya vikohozi hivyo, unapita bila kuulizwa.

Mfumo wa afya uliopo umejengwa kwa ajili ya yale ya kila siku, na kazi hiyo unaifanya vizuri. Mhudumu wa afya wa kijiji, VHT kama anavyoitwa Uganda nzima, amefundishwa kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 4 akifikisha 40, huhesabiwa kuwa ana nimonia na hupewa amoksilini. Utaratibu wa kuhesabu pumzi umeenezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, na umeokoa watoto wengi katika nchi maskini. Hatuombi ubadilishwe. Mwongozo huohuo unasema kwamba mtoto anayetoa mlio akivuta hewa ilhali ametulia, halii wala hanyonyi, ni mgonjwa mahututi wa kupewa rufaa haraka. Hilo nalo ni sawa kabisa.

Pengo lipo kwenye kumbukumbu. Mwongozo unamtazama mtoto jinsi alivyo leo. Hauhesabu amerudi mara ngapi miezi iliyopita, wala kila mara aliandikiwa nini. Mgonjwa wa nje hubeba daftari la shule alilonunua mwenyewe, na humo ndimo musawo, yaani mhudumu wa afya, anamoandika. Daftari likijaa, likilowa mvua au likipotea, historia ya mtoto imekwenda nalo. Mwezi unaofuata zamu ina mtu mwingine. Anahesabu pumzi, anasikiliza kifua, anaandika nimonia, anatoa amoksilini. Hakukosea hatua hata moja. Mtoto anapata nafuu ya siku chache, kwa kuwa maambukizi yaliyokuwa yameongezeka juu ya uvimbe yamepungua, kisha anarudi palepale alipokuwa.

Njia ya hewa ya mtoto haivumilii mzunguko huo. Kwa mtoto mchanga, pale chini kidogo ya nyuzi za sauti, upana wake ni milimita 4 hadi 5 tu. Chukua njia ya milimita 4: uvimbe wa milimita 1 kuzunguka ukuta wote unamwachia mtoto robo ya nafasi aliyokuwa nayo. Mtu mzima akipata uvimbe huohuo atalalamika kwamba sauti inakwaruza. Mtoto anaweza kufa nao. Ndiyo sababu mafua madogo humfikisha mtoto wa aina hii kwenye oksijeni, na mafua yakiisha kila mtu husema amepona.

Uvimbe wenyewe ni wa aina kadhaa, na kila aina hutoa ishara kwa anayeuliza.

Unaoonekana zaidi katika zoloto la mtoto ni papiloma, yaani vinyama kama chunjua vinavyoota juu ya nyuzi za sauti. Huletwa na virusi vya HPV vya aina ya 6 na ya 11, ambavyo mara nyingi mtoto huvipata wakati wa kuzaliwa. Si saratani. Ila vikiondolewa huota tena, na wako watoto wanaopasuliwa makumi ya mara kabla ugonjwa haujatulia. Marekani, kabla chanjo haijaenea, walikadiria watoto wapatao 4 kwa kila 100,000. Ishara ya kwanza ni sauti: kilio kinakuwa dhaifu, maneno yanatoka kwa kukwaruza, na miezi inapita bila sauti kurudi. Baadaye huja mlio wa kuvuta hewa, kisha kubanwa. Mafua hukausha sauti kwa siku kadhaa. Mtoto aliyekaukiwa sauti kwa zaidi ya wiki 4 ni lazima nyuzi zake za sauti zitazamwe.

Aina ya pili humpata mtoto wa miezi michache, nayo ni hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu chini ya nyuzi za sauti. Mtoto huzaliwa akipumua vizuri. Akifikisha mwezi mmoja na nusu, au miwili mitatu, anaanza kutoa mlio akivuta hewa, na kikohozi chake kinabweka. Anatibiwa, anatulia, anarudi. Karibu nusu yao wana alama nyekundu zilizoinuka ngozini, na zikiwa kwenye kidevu, mdomo wa chini na shingo, mahali ambapo mwanamume huota ndevu, mganga yeyote anapaswa kushtuka. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Christine Léauté-Labrèze, waliripoti kwamba propranololi, dawa ya siku nyingi ya moyo na shinikizo la damu, husinyaza uvimbe huu. Dawa hiyo ni ya bei nafuu na inajulikana. Mtoto aliyetambuliwa mapema, akaanzishiwa dawa chini ya uangalizi wa daktari, anaweza kuepuka kutobolewa shingo. Asiyetambuliwa anaweza kufa akiwa na jina la nimonia kwenye daftari lake.

Aina ya tatu hukaa chini zaidi, ndani ya matawi ya mapafu: kasinoidi, saratani ya mukoepidemoidi na nyingine adimu. Huyu kwa kawaida ni mtoto mkubwa, wa umri wa shule. Ametibiwa pumu mwaka mzima na dawa ya kuvuta haimsaidii. Mlio unasikika upande mmoja tu wa kifua. Nimonia inarudi kwenye pafu lilelile, mahali palepale, na pengine anakohoa damu. Uvimbe mwingi wa kundi hili hukua polepole. Ukiondolewa mapema mtoto hupona na pafu lake likabaki. Ukiachwa, sehemu ya pafu iliyo nyuma ya kizuizi huharibika, na hapo daktari hana budi kuikata.

Aina ya nne hubana bomba la hewa kutoka nje, hasa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, inayoota katikati ya kifua. Hii hukua kwa siku na wiki. Mtoto anakataa kulala chali, analala ameketi, uso na shingo vinavimba, mishipa ya shingoni inajaa. Mtoto huyu asilazwe chali kwa nguvu ili apigwe picha, na asipewe dawa ya usingizi na mtu asiyejua kilichomo kifuani mwake. Anaweza kuacha kupumua mezani. Tena asipewe steroidi kwa kubahatisha. Prednisoloni, mojawapo ya steroidi, hupunguza limfoma kwa siku kadhaa, mtoto akaonekana pumu yake imetulia, na kinyama kitakachokatwa baadaye kwa uchunguzi kikashindwa kuonyesha ugonjwa. Hemanjioma nayo hutulia kwa muda kwa dawa hizo. Hatusemi steroidi ziogopwe: mtoto mwenye pumu kali au aliyebanwa koo na maambukizi azipewe. Tunachosema ni kwamba nafuu ya wiki moja haithibitishi kuwa ugonjwa ulikuwa pumu.

Kwa hiyo tunapendekeza maswali manne yaandikwe ukutani kwenye kila chumba cha kuonea watoto, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo. Hii ni mara ya ngapi? Sauti yake imebadilika, na tangu lini? Mlio unasikika akivuta hewa au akiitoa? Kifua kinachosumbua ni cha upande uleule? Mlio wa kuvuta hewa hutoka juu, kooni na kwenye bomba la hewa. Wa kutoa hewa hutoka chini, ndani ya mapafu. Musawo anayejua tofauti hiyo amekwisha kupunguza nusu ya kubahatisha, na hakuhitaji kifaa chochote.

Simu inaweza kusaidia pia. Mtoto hupiga mlio usiku akilala, halafu asubuhi kituoni ametulia, na mama anaonekana anatia chumvi. Mama arekodi. Video ya nusu dakika, kifua kikiwa wazi na sauti ikisikika, inamwambia daktari wa koo aliyeko Mbarara mambo ambayo barua ya rufaa yenye maneno "kikohozi sugu" haiwezi kumwambia. Kila kituo kiwe na namba moja ya kutumiwa video hizo, na awepo mtu wa kuzijibu siku hiyohiyo, kwa idhini ya mzazi na kwa kulinda siri ya mtoto.

Lugha nayo iandaliwe mapema. Mkongomani na Mrundi wataelewana kwa Kiswahili pale Nakivale. Mama wa Kisomali anahitaji mkalimani wake, na wote wakifika Mbarara watakuta wodi inayozungumza Kinyankole na Kiingereza. Historia ya mtoto anayebanwa pumzi haiwezi kuchukuliwa kwa ishara za mikono. Mkalimani apande gari pamoja na mgonjwa, au apatikane kwa simu.

Tuwazungumzie wazazi. Mzazi aliyekwenda kituoni mara nne bila mafanikio huanza kutafuta kwingine. Magharibi mwa Uganda wako waganga wa kienyeji wanaochanja kifua cha mtoto anayehema wakidai kutoa punje za ulezi. Wengine hung'oa vijino visivyoota bado. Na sehemu nyingi za Afrika Mashariki hukatwa kimeo. Mtoto hupoteza damu, huambukizwa, na uvimbe unabaki. Vitendo hivyo tunavikataa bila kumung'unya maneno. Lakini anayetaka viishe aanze kwa kumpa mzazi jibu la kweli kituoni, kwa sababu mzazi huyo kituoni alishakwenda.

Sasa Mbarara. Mji huo uko kilomita 60 hivi kutoka Nakivale, sehemu ya njia ikiwa ya vumbi. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na pamoja nayo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989 na kinachofundisha madaktari wa eneo lote la kusini-magharibi. Kuna wodi ya watoto, idara ya masikio, pua na koo, maabara ya patholojia, na huduma ya saratani ya watoto. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Mulago, Kampala, kilomita 270 hivi mbele zaidi. Kwa familia ya mkimbizi, tofauti kati ya kilomita 60 na kilomita 330 ni tofauti kati ya kwenda na kutokwenda. Kila kinachoweza kufanyiwa Mbarara kifanyiwe Mbarara.

Kinachotakiwa huko kinatajika. Kamera nyembamba inayopita puani huonyesha nyuzi za sauti kwa dakika chache, mtoto akiwa macho amepakatwa na mama yake. Kwa uvimbe wa chini zaidi hutakiwa bronkoskopu, yaani mirija ya kuchungulia ndani ya njia ya hewa, za chuma na za saizi za watoto, kuanzia mchanga, pamoja na koleo zake na taa yake, chumba cha upasuaji, na zaidi ya yote mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto waliobanwa pumzi. Kumpa usingizi mtoto wa namna hiyo ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa katika udaktari: mtaalamu wa usingizi na daktari wa upasuaji wanagombania njia moja nyembamba, na kosa la dakika mbili halirekebishiki. Vifaa bila watu hawa vitakaa kabatini. Watu hawa bila vifaa watatumia vya watu wazima na kuomba Mungu. Vyote viwili viombwe katika bajeti moja.

Tunajua swali litakaloulizwa, nalo ni halali. Nakivale ina malaria, ina nimonia, ina njaa. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kuwasitishia chakula wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda kwa kukosa fedha. Je, huu ni wakati wa kuzungumzia uvimbe adimu wa koo?

Jibu letu ni ndiyo, na sababu ya kwanza ni kwamba kamera inayotafuta uvimbe haitafuti uvimbe peke yake. Mtoto mdogo aliyekula karanga huku anacheza, punje ikaingia bomba la hewa, hutibiwa nimonia vilevile na pumu vilevile, wiki hata miezi. Bronkoskopu ileile ndiyo inayoitoa punje hiyo, na pengine mtoto akatoka hospitali kesho yake akiwa mzima. Tezi za kifua kikuu zilizovimba na kubana matawi ya mapafu huonekana kwa eksirei na kamera hiyohiyo, na kifua kikuu si adimu Nakivale. Zoloto laini la mtoto mchanga, njia iliyozaliwa nyembamba, nyuzi za sauti zilizopooza: watoto wenye shida hizo wote husubiri mlango huohuo. Ukijumlisha adimu hizi zote, foleni inakuwa ya kweli. Huduma ya uvimbe haiwezi kujengwa kwa ajili ya uvimbe tu, na hakuna anayeomba hivyo. Inajengwa huduma ya njia ya hewa ya mtoto.

Sababu ya pili ni gharama ya kutofanya. Ziara nne za nimonia isiyopona ni vipimo vinne vya malaria, dozi nne za antibiotiki, pengine kulazwa mara mbili, na oksijeni. Mama amekosa shamba au kibarua siku zote hizo na amelipa bodaboda kwenda na kurudi. Fedha hizo zinatumika tayari, ila zimetawanyika kwenye madaftari ambayo hakuna anayeyajumlisha.

Sababu ya tatu ni haki. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 na sera iliyofuata zimemweka mkimbizi kwenye vituo vilevile na mwenyeji wake, na mpango wa Wizara ya Afya wa mwaka 2019 ulikusudia kuunganisha huduma za wakimbizi na zile za wilaya. Nchi inayohifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5 inastahili sifa kwa hilo. Lakini rufaa ya mkimbizi kwenda hospitali kubwa hupimwa pia kwa gharama na kwa matumaini ya kupona, kwa kuwa fedha za UNHCR zina mwisho. Mizani hiyo haiwezi kutumika kabla ugonjwa haujajulikana. Mtoto mwenye hemanjioma ana matumaini makubwa kwa dawa ya bei ndogo. Mwenye papiloma atahitaji upasuaji wa kurudiarudia, na familia yake iambiwe ukweli huo tangu siku ya kwanza. Mwenye limfoma anaweza kupona akianza matibabu mapema. Kamati ya rufaa inayokataa safari ya uchunguzi kwa hofu ya gharama ya matibabu imeamua bila kujua inaamua nini. Uchunguzi uidhinishwe kwanza. Maamuzi mengine yafuate.

Wako watakaohofia kwamba Mbarara itafurika. Haitafurika ikiwa maswali manne yatatumika kama chujio na video zikatangulia wagonjwa. Njia nyingine ni daktari wa koo kuja Nakivale siku iliyotangazwa, kila mwezi au kila baada ya miezi miwili, akiwa na kamera yake nyembamba. Chuo kikuu tayari kina desturi ya kuwapeleka wanafunzi wake wa udaktari vijijini. Nakivale iwe miongoni mwa vituo hivyo, na wanafunzi wajifunze koo la mtoto kwa kuliona.

Uganda ina historia yake katika kuwakumbuka wagonjwa na kuwaunganisha, na inafaa ijivunie. Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell wa Mulago alimwita mwenzake Denis Burkitt amtazame mvulana aliyevimba taya pande zote mbili za uso. Wiki chache baadaye Burkitt alikutana na mtoto mwingine Jinja mwenye uvimbe wa namna ileile. Angeweza kuwaona kuwa bahati mbaya mbili. Aliwaunganisha, akapekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya uvimbe ambao leo unabeba jina lake. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kuukuu pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, hospitali hadi hospitali, hadi kusini mwa Afrika, kuuliza ugonjwa huo unapatikana wapi. Kazi hiyo ilisaidia kuwafikisha wanasayansi kwenye virusi vya Epstein-Barr mwaka 1964, na mwaka 1967 kikafunguliwa Kampala kituo cha limfoma ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Yote yalianza kwa kuwakumbuka watoto wawili na kwa kumbukumbu zilizotunzwa. Hakukuwa na mashine ya ajabu. Kituo cha afya kilicho na rejista moja inayotunzwa kinaweza kufanya hatua ile ya kwanza.

Kuna pia lile linaloweza kuzuiwa. Uganda ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV nchi nzima Novemba 2015, baada ya majaribio ya mwaka 2008 katika wilaya mbili, Nakasongola na Ibanda, na Ibanda ni jirani ya Mbarara. Watu wengi wanaijua chanjo hii kama kinga ya saratani ya shingo ya kizazi, na ndivyo ilivyo. Lakini chanjo zenye aina ya 6 na ya 11 humkinga pia mtoto atakayezaliwa na msichana huyo. Australia ilianza kuchanja mwaka 2007 kwa chanjo ya aina nne. Papiloma mpya za koo kwa watoto zikashuka kutoka 0.16 kwa kila watoto 100,000 mwaka 2012 hadi 0.02 mwaka 2016. Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Afya, kila inapochagua chanjo ya kununua, ikumbuke kwamba zile za aina mbili pekee hazigusi virusi vya papiloma ya koo. Na tunaomba kila msichana wa Nakivale afikiwe, aliye shuleni na asiye shuleni, mwenye kadi ya ukimbizi na anayeisubiri. Mama wa mtoto mwenye papiloma asinyooshewe kidole. Virusi hivi vimeenea mno duniani kote na mara nyingi havina dalili yoyote kwa mtu mzima.

Basi tunayataja madai yetu waziwazi.

Ofisi ya Waziri Mkuu, UNHCR na mashirika yanayoendesha vituo vya Nakivale, kama Medical Teams International ambalo limefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, yaweke rejista moja ya watoto wenye shida ya kupumua inayorudi. Jina la mtoto likiingia mara ya tatu ndani ya miezi mitatu, au sauti ikiwa imekauka zaidi ya wiki 4, au mlio wa kuvuta hewa ukisikika mtoto akiwa ametulia, rufaa iandikwe siku hiyo bila kusubiri kikao. Gari, mkalimani na chakula cha mzazi wodini viwe ndani ya rufaa hiyo. Mtoto anayebanwa sana aende na oksijeni, ameketi mapajani mwa mzazi wake.

Wizara ya Afya iipe Mbarara seti kamili ya kamera na bronkoskopu za watoto, na igharimie mafunzo ya wataalamu wa usingizi wa watoto kwa mkoa huo. Chuo kikuu kifungue kliniki ya siku moja kwa wiki ya njia ya hewa ya watoto, madaktari wa watoto, wa koo, wa usingizi na wa saratani wakiketi pamoja, na kirudishe majibu Nakivale kwa maandishi. Rufaa isiyorudisha majibu haimfundishi aliyeiandika.

VHT waongezewe swali moja juu ya kuhesabu pumzi: mara ya ngapi?

Na wewe mama, na wewe baba, tunza daftari la mtoto ndani ya mfuko wa plastiki, na likijaa usilitupe. Rekodi mlio wa usiku. Sauti yake ikikauka mwezi mzima, sema hivyo kabla hujaulizwa. Ukiandikiwa dawa ileile kwa mara ya tatu, una haki ya kusema: "Musawo, hii tumeshaitumia mara mbili na amerudi vilevile, naomba atazamwe koo." Huo si utovu wa adabu. Musawo mzuri atakushukuru.

Kamera zitachukua bajeti, na wataalamu watachukua miaka. Kuhesabu marudio kunahitaji kitabu kimoja na kalamu, na vyote vipo mezani katika kila kituo cha Nakivale. Kuanze wiki hii.